Nyangumi Hawakuahidi Mvua

Wabera, Isiolo
10 Novemba 2025

Guracha,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka tangu nilipokuwa pwani. Nahodha alizima injini, sote tukanyamaza, na upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama, karibu kabisa na boti, nyangumi akapumua. Haukuwa mlio. Ilikuwa pumzi tu, nzito, ya kitu kikubwa kilichokaa chini muda mrefu na sasa kimepanda kwa sababu hakina budi. Matone yake yalitupiga usoni yakinuka samaki. Mpaka leo mtu akiniuliza nilikwenda kusoma nini kule, naisikia ile pumzi kwanza, kisha ndiyo natafuta jibu.

Nakuambia haya ili ujue kwamba ninapotaja nyangumi ninataja kitu ninachokijua. Wewe hujamwona hata mmoja, lakini jana ulimtuma dereva Akolong asimamishe lori mbele ya duka la Nasteha hapa mjini na kunipa salamu zako watu wakisikia: "Ndugu yako anasema nyangumi wako wamemaliza ng'ombe wake." Wateja walicheka. Mimi pia nilicheka, mpaka nikaona Akolong mwenyewe hacheki.

Kwa simu mimi na wewe huishia kukatiana, kwa hiyo naandika. Barua haikatiki.

Kipindi changu cha redio unachokilalamikia kilikuwa cha mwisho wa Agosti. Nilisema hivi. Nilisema kila mwaka nyangumi wenye nundu hutoka kwenye bahari ya baridi huko kusini, wanakuja kuzaa katika maji yetu ya joto, na kwamba msimu huu walionekana wengi. Nilisema nyangumi hula kilindini lakini lazima apande juu kupumua, na huko juu ndiko anakoacha kinyesi. Kinyesi hicho ni mbolea. Kinaotesha mimea midogo ambayo macho hayaioni, nayo inavuta kaboni kutoka hewani na kulisha vidudu vinavyolisha samaki. Nilitoa mfano wa zizi: pale tulipohama, miaka ikipita, majani huota mazito kuliko kwingine kote, na kila mchungaji anajua ni kwa nini. Nilisema nyangumi akifa huzama na kaboni iliyo mwilini mwake, ikakaa chini muda mrefu sana, na mzoga wake ukalisha viumbe wa gizani kwa miaka. Mwishoni nikasema ile mimea midogo hutoa hewa inayosaidia hata matone ya mawingu kufanyika juu ya bahari.

Basi. Sikutaja Sericho. Sikutaja ng'ombe wako. Kama umepoteza mifugo, pole, na ninaisema pole hiyo kwa moyo wangu wote. Lakini usinitangaze mjini kama mchawi.

Dada yako,
Mulki

*

Sericho
15 Novemba 2025

Mulki,

Salaam aleikum. Nimeandika salamu kwa sababu dini inataka.

Pumzi ya samaki wako tumeisikia. Sasa sikia ya huku. Jioni ng'ombe analala. Asubuhi mnamshika mkia na pembe, mnamwinua, anasimama akitetemeka. Jua likipanda, analala tena. Kesho yake mnaangaliana, hakuna anayesogea kumwinua. Ndivyo ilivyo kila boma hapa, na wenye ng'ombe hao wananiangalia mimi.

Unasema hukutaja Sericho. Siku ya kipindi chako tulijaa dukani kwa Kuno, huyu anayehama nasi na duka lake, redio imewekwa juu ya gunia la sukari. Watu walinyamaza kwa ajili yako, kwa sababu binti Sora anaongea. Ukasema tumbo la mnyama. Ukasema kinachotoka tumboni mwake. Ukasema wamekuja wengi mwaka huu. Kisha ukamalizia na mawingu ya baharini, na bahari kwetu ni mashariki. Sasa wewe umezaliwa wapi? Huku mtu akitaja tumbo la mnyama na mawingu kwa pamoja, anatabiri. Marehemu Abba, baba yetu, alikuwa akichinja mbuzi, matumbo yanatandazwa, yanasomwa mishipa na madoa, na wewe umekaa karibu unakula ini. Umesahau? Au shule ilikuosha mpaka utumbo?

Nilihamisha olla nzima. Si nyumba yangu tu, ni nyumba zote tulizopiga kambi nazo kando ya mto Ewaso. Nikawaleta huku mbali mashariki tuikute mvua ya Oktoba ikianguka, majani yawe yetu kabla wengine hawajafika. Oktoba imepita. Hata umande hakuna.

Ijumaa ya tarehe kumi na mbili Disemba, baada ya sala, wanaume wa kisima wanakaa. Wakisema mimi ndiye niliyewadanganya, zamu yangu ya maji inaondolewa. Unajua maana yake. Ng'ombe waliobaki, ngamia, mbuzi, Tuye na watoto, wote wanakunywa kwa jina langu.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Nenda redioni useme: mimi Mulki nilisema nyangumi wataleta mvua mashariki, na nilikosea. Useme ulikosea, mzigo utoke kichwani kwangu. Wewe unapoteza nini? Huko Wabera unafungua mfereji, maji yanatoka.

Guracha

*

Wabera
20 Novemba 2025

Guracha,

Nitakuambia ninapoteza nini.

Kuna wakati nyangumi waliwindwa kwa ajili ya mafuta ya taa na sabuni mpaka wakakaribia kwisha, na bahari walizokuwa wakizirutubisha zikadhoofika nyuma yao. Watu wachache, kwa kelele nyingi, wakazuia. Leo wanarudi polepole. Ninafundisha wasichana wa kidato cha tatu ambao wengi wao hawajaona maji mengi kuliko Ewaso iliyofurika, na mwaka huu ndio kwanza wameanza kuniuliza maswali ambayo hayamo kwenye mtihani. Gacheri, mtoto wa muuza mboga, aliniuliza kama ukiondoa mnyama mkubwa mahali, udongo wenyewe unajua. Nililala nikiliwaza swali hilo. Sasa niende redioni niwaambie wazazi wao kwamba mwalimu ni mpiga ramli, tena mpiga ramli asiyejua kazi yake?

Pale nilipokosea, nakubali. Nilikosea kumalizia na mawingu bila kusema kama yanafika kwetu na ni kwa kiasi gani. Hata wataalamu wanabishana nyangumi wanasaidia hewa kwa kiasi gani, na nilipaswa kusema hivyo pia. Hata wakijaa baharini kama zamani, bado hawataweza kufuta moshi wote ambao watu wameutoa. Wanasaidia. Hawaokoi mtu. Nimeelewa sasa jinsi mlivyonisikia dukani kwa Kuno, na imeniuma kwamba sikuliona hilo mapema, mimi niliyekula hilo ini.

Lakini sikia tofauti yenyewe. Matumbo ya mbuzi wa Abba tulikuwa tunayatazama ili yatuambie kitu. Tumbo la nyangumi halimwambii mtu kitu chochote. Linafanya kazi yake tu. Ukilisoma, hakuna neno ndani.

Unataka niseme uongo mbele ya kaunti nzima ili wewe usimame wima mbele ya wanaume wa kisima. Sitasema.

Na kuna jambo umeliruka. Mko na Ganya olla moja. Tangu nipate akili sijaona watu wetu wakihama safari ndefu kabla Ganya hajachinja mbuzi. Masheikh wanamkemea kila mwaka na kila mwaka watu wanamwendea. Alisoma nini?

Mulki

*

Sericho
27 Novemba 2025

Kwa dada yangu mpendwa Mulki,

Salaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini u mzima, na wanafunzi wako, na mwenye nyumba wako pia.

Barua yangu ya kwanza niliiandika nikiwa na hasira. Mtu akiinua ng'ombe mchana kutwa mkono wake hauandiki vizuri. Nisamehe. Sisi tumebaki wawili tu kwa baba yetu. Nikiwa na wewe nina ukoo, bila wewe mimi ni mtu na fimbo.

Umeuliza habari za Ganya. Ganya alichinja, ndiyo. Alisoma, naye pia akasema mashariki. Yaani mbuzi wake na nyangumi wako walikubaliana. Kwa hiyo unaona, si uongo mkubwa ninaokuomba. Kosa lenyewe ni la watu wawili, yeye mzee na wewe msomi, na mimi niliyesikiliza. Yeye hana redio ya kuomba radhi. Wewe unayo. Ukisema ulikosea, utakuwa umembebea na yeye pia, na Mungu atakulipa.

Yule ng'ombe mwekundu mwenye kidoti cheupe, wa ukoo wa ng'ombe uliyepewa na Abba ulipozaliwa, alikufa Jumanne. Nilimfunika macho kwa shuka langu. Sikutaka kukuambia. Najua kule pwani ulikuwa ukimtambua nyangumi mmoja mmoja kwa madoa ya mkia wake, ulituambia hivyo kwa majivuno sana siku ya Idi. Nilifikiri labda ungependa kujua habari za huyu pia.

Maneno machache tu redioni, dada. Kabla ya Ijumaa ile.

Ndugu yako wa damu,
Guracha

*

Sericho
4 Disemba 2025

Kwako wifi Mulki,

Salaam aleikum. Usishangae kuona mwandiko wangu. Nilifika darasa la nane na nilikuwa napata alama nzuri za insha. Guracha amekwenda kutafuta ngamia waliopotea, Akolong anapakia ngozi, nina muda wa karatasi moja.

Usidhani nakuandikia kwa sababu nakupenda. Uliondoka kwenye arusi yangu kabla ya chakula ukasema una mtihani. Sijasahau.

Barua zako nilizisoma. Na ile yake ya mwisho, ya asali, aliniandikisha mimi maneno ya mwanzo kwa sababu alitaka salamu iwe ndefu. Ilipofika habari za Ganya akachukua kalamu akaandika mwenyewe. Baadaye nikakisoma alichoandika. Ni uongo.

Ganya alichinja mbuzi siku tatu baada ya kipindi chako. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeleta sinia. Alitandaza matumbo, akakaa muda, akasema: "Mashariki ni kukavu. Kaeni na mto mpaka nichinje tena." Watu wakaanza kuinuka, limekwisha. Guracha akasimama. Akasema: "Ganya, utumbo wa mbuzi wako ni kama kamba ya kiatu. Dada yangu anasoma tumbo linaloweza kumeza nyumba yako na wake zako wote wawili." Wanaume wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Ganya alikunja ngozi ya mbuzi akaondoka. Hata mimi nilicheka, wifi, kwa sababu ilikuwa inachekesha.

Asubuhi tukafungua kambi. Mume wangu hakuwa anatafuta mvua. Alikuwa anatafuta kumshinda Ganya tangu Ganya alipomnyima yule binti yake, kabla hajanioa. Mimi ni wa pili kwa hesabu yake, hilo nalijua na sililii.

Sasa jambo la Ijumaa. Ukisema huo uongo redioni, zamu ya maji inabaki na tunakunywa. Lakini Ganya anabaki mpumbavu. Wanawe bado wanaitwa watoto wa kamba ya kiatu, na hakuna anayemwendea tena, na yeye ndiye aliyesema kweli. Ukikataa, mimi na watoto tunakwenda kuombaomba maji kwenye zamu za watu ambao mume wangu aliwacheka.

Na wewe pia una lako. Ulizungumza na redio kama unazungumza na ubao. Ungesema mwanzoni tu, "Huyu mnyama hatabiri," tungekuelewa na tungekaa kando ya mto tukikusikiliza habari za mavi yake kwa raha zetu. Tunapenda habari za mavi, sisi ni wafugaji.

Amua wewe uliyesoma. Mimi sikuombi chochote.

Tuye

*

Wabera
11 Disemba 2025

Guracha,

Safari hii sina salamu.

Ulinidanganya kwa barua ya kuniita mpendwa. Matusi yako nimeyazoea tangu utotoni, yalikuwa yakinifikia kama vumbi, napangusa na kuendelea. Lakini ulimtaja ng'ombe wa Abba, ukamfunika macho kwa shuka, ukanifanya nilie dukani kwa Nasteha mbele ya wateja, na katika karatasi ile ile ukaficha kwamba ulionywa. Nilikaa na barua hiyo siku nyingi nikitafuta ni wapi unaanza na ni wapi uongo unaishia. Nimeacha kutafuta.

Usimuulize Tuye kama ni yeye aliyeniambia. Watu wote wa olla walikuwepo, na Akolong anabeba maneno kama anavyobeba sukari.

Nataka ujue kwamba nilijaribu kukukubalia. Jumapili niliketi nikaandika maneno yale uliyotaka, kwa Kiborana chetu, nikayasoma kwa sauti. "Mimi Mulki binti Sora nilisema nyangumi wataleta mvua mashariki." Nikajisikiliza. Lilikuwa jambo rahisi mno kulisema. Watu wangelisahau baada ya mvua ya kwanza, na pengine kipindi kingeendelea. Nilijiambia ni sadaka kwa ajili ya watoto wako. Nikajiambia nyangumi hawatajua. Ndipo nikamfikiria Ganya akikunja ile ngozi mbele ya watu wanaocheka, na nikaona kwamba sadaka hiyo ingelipwa na yeye, si na mimi. Mimi ningelipa aibu ya wiki moja. Yeye angebaki nayo mpaka kaburini.

Jana jioni nilikwenda redioni. Unajua tayari, Kuno ana redio. Nilizungumza Kiborana tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza, na nilianza hivi: "Nyangumi hatabiri mvua. Hakuwahi kutabiri, na mtu aliyewaambia kwamba nilisema hivyo aliongeza lake." Kisha nikasema kwamba huko Sericho kuna mzee alisema mashariki ni kukavu, akachekwa, na mashariki ni kukavu. Nikasema sijui matumbo yanasema nini na siwezi kuyatetea kwa elimu yangu, lakini mzee huyo alikaa na kutazama kabla ya kusema, na aliyemcheka hakutazama kitu chochote. Nikaomba radhi kwa kosa langu la mawingu. Nikaeleza tena yote, kilindi, pumzi, kinyesi, ile mimea midogo, mzoga unaozama na kazi yake, polepole, nikitaja kila mahali ni nini tunajua na ni wapi bado watu wanabishana. Simu ziliingia nyingi. Mtu mmoja wa Burat aliuliza nyangumi mmoja anatoa kinyesi cha ng'ombe wangapi. Nilimjibu kwamba sijui, na nikamwahidi nitatafuta.

Jina lako sikulitaja. Nilisema "ndugu yangu." Nina ndugu mmoja tu, kila mtu anajua.

Kesho utakaa na wanaume wa kisima na utapoteza zamu yako. Nilijua hivyo nilipofungua mdomo. Sikufanya kwa kughafilika na sitakuja kukuambia kwamba moyo uliniuma. Uliniuma, lakini hiyo si habari yako. Kama unataka kubaki hata na hiyo fimbo yako, nenda leo kwa Ganya kabla hawajakaa, umwambie mwenyewe. Labda atakupa maji kwenye zamu yake. Mimi ningekuwa yeye nisingekupa.

Lakini Tuye hakumcheka mtu kwa kutafuta ushindi, na watoto hawakuhamisha olla. Asubuhi ya leo, kabla jua halijapanda, nilimpigia Kuno simu, akamwita Tuye dukani. Nilimwambia shamba la Abba kule Burat lina maji ya mfereji na ua mzima, na kwamba nyumba ya mabati nimeifungua na kuifagia. Nilimwambia pia kwamba ni mimi ninayemwomba, si yeye, na kwamba ni sawa akiendelea kutonipenda. Kisha akasema, "Haya," na nikamsikia akimwuliza Kuno kama ana kamba za kufungia mbuzi.

Lori lililokuletea barua hii limekuja tupu. Akolong hana sukari leo wala hachukui ngozi. Ukimaliza kusoma, tazama nje. Wameshapanda.

Mulki binti Sora